Watoto wanaolia shule ikifungwa

Nimetoka zamu, mwanangu kalala, chai ipo mezani. Posti iliyopita niliandika kuhusu masikio yanayotoa usaha, nikaahidi kwamba inayofuata nitawasimulia tulivyokwenda shule ya viziwi. Nimechelewa wiki mbili nzima. Si kwamba nilibanwa na kazi kihivyo. Humu ndani kuna mahali nimekosea mimi mwenyewe, na kuandika kosa lako mbele ya watu wanaokuita sista si rahisi.

Basi. Tulikwenda watu wanne: daktari wa masikio, mtaalamu wa macho, mimi, na binti mmoja anayejifunza uuguzi kwetu. Shule ni ya bweni, ya msingi. Sitaitaja kwa jina maana nitasimulia habari za watoto. Kazi ilikuwa kuangalia masikio na macho, kugawa dawa za minyoo, halafu mimi nikae na wasichana wakubwa tuzungumze habari za hedhi.

Nikiri kwanza nilivyokuwa nawaza njiani. Nilidhani nakwenda mahali pa ukimya, pa huzuni kidogo, watoto wamekaa wametulia tuwaonee huruma. Jamani! Kelele za pale sijawahi kuzisikia kwenye shule yoyote. Viti vinaburuzwa, miguu inapigwa chini, milango inabamizwa, watoto wanacheka kwa sauti kubwa kutoka tumboni. Nani amwambie mwenzake apunguze? Hakuna anayesumbuka. Waliosumbuka ni sisi wanne.

Nilifika darasani nikasimama dirishani kwa sababu ya joto. Watoto wakaanza kukunja sura, wengine wameweka viganja juu ya macho. Nikaona hee, hawa wamenichukia kabla sijaanza. Msichana mmoja wa darasa la sita akaja, akanishika mkono bila hata kuomba, akanivuta mpaka ukutani upande wa pili, akanigeuza uso uelekee dirisha, akarudi kukaa. Mwalimu akacheka, akanieleza: ukisimama na mwanga nyuma yako, uso wako kwao ni kivuli tu. Ni kama mimi nizungumze nanyi huku nimejiziba mdomo kwa mto.

Nikaangalia madawati. Hayakupangwa kwa mistari kama tulivyozoea, yamepangwa nusu duara, kila mtoto anawaona wenzake wote. Mwalimu akitaka watoto wamtazame anazima taa na kuiwasha. Mtoto akimtaka mwenzake anamgusa begani, au anapunga mkono, au anapiga meza ili mtikisiko umfikie. Kupiga makofi ni kuinua mikono juu na kutikisa viganja. Walinipigia hivyo nilipotambulishwa, mikono hamsini hewani inacheza kama majani. Nikapata aibu nzuri.

Nikafanya kosa lingine mlangoni. Watoto wawili walikuwa wanaongea wakitazamana, mimi nataka kupita katikati yao. Nikasimama, nikainama, nikaomba samahani kwa mikono yote miwili, nikajikunja kama nyumba ina moshi. Wakakatisha mazungumzo, wakanitazama, wakacheka. Kumbe adabu yao ni upite tu haraka. Kusimama katikati ukiomba radhi ndiko kukatiza maneno ya watu. Mimi adabu zangu za Kipare nilipewa na bibi yangu kule Same, na nilizipeleka pale nikidhani zinatosha kila mahali.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa wanaposema viziwi wana utamaduni wao. Zamani nilikuwa nadhani ni neno la semina. Fikiria jinsi wewe ulivyopata utamaduni wako: mama, bibi, shangazi, jikoni, msibani, arusini. Sasa mtoto kiziwi mara nyingi sana anazaliwa na wazazi wanaosikia. Takwimu za Marekani zinaonyesha ni zaidi ya asilimia 90. Kwa hiyo bibi hana cha kumrithisha kwa lugha anayoiona. Lugha, utani, adabu, majina, anavipata shuleni kutoka kwa watoto wakubwa na kwa watu wazima viziwi wanaofanya kazi pale. Shule za kwanza hapa kwetu hazina umri mrefu, ya Tabora ilianza 1963 na ya Buguruni 1974, na matroni aliniambia kwamba viziwi watu wazima wakikutana swali la mwanzo ni "ulisoma wapi?", kama sisi tunavyoulizana "kwenu wapi?" Bweni ndiyo kijiji chao.

Na majina. Kila mtu pale ana jina la alama, na huwezi kujipa mwenyewe, lazima upewe. Walikaa kikao cha kunipa langu, hakikuzidi dakika tano. Mmoja akapendekeza unene. Wenzake wakakataa, eti wanene tulikuja wawili. Mvulana mmoja mdogo akaweka kidole katikati ya meno ya mbele: mwanya. Ikapita. Mimi kwa sasa ni kidole kwenye mwanya, na sioni kama nitabadilisha.

Msishangae hilo la unene. Viziwi wanasema wanachokiona. Binti mmoja aliniuliza kwa alama nyeupe kabisa kama nina mimba. Nikamwambia hapana, ni chipsi. Mwalimu alipotafsiri chipsi, darasa zima likaanguka. Hakukuwa na dharau yoyote. Ukiwa unaishi kwa macho, kovu, mwanya na tumbo ndivyo vinavyomtofautisha mtu, kama sauti ya mtu inavyomtofautisha kwetu kwenye simu.

Neno moja hapa kabla sijaendelea, maana najua mtaniuliza. Kiziwi si tusi. Chama chao wenyewe kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA. Wasilolipenda ni "bubu". Bubu ni kusema mtu hana lugha, na hawa lugha wanayo, Lugha ya Alama ya Tanzania, yenye sarufi yake. Siyo Kiswahili kilichogeuzwa mikono, na siyo ya dunia nzima pia. Wakenya wana yao, wao husema lugha ishara, na katiba yao ya 2010 imeitaja kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge lao.

Sasa somo la hedhi. Nilijiona mjanja: hawasikii, basi nitaandika. Nikaandika ubaoni kwa mwandiko mzuri, "Ukiona damu usiogope, mwambie matroni." Nikamwomba msichana mmoja aeleze nilichoandika. Akaonyesha: damu, ogopa, matroni.

Nikamwangalia mwalimu. Mwalimu akasema, sista, tatizo si akili yake, tatizo ni hiyo "usi". Sisi tunaosikia tumesikia "usiogope, usilie, usishike" tangu tukiwa mgongoni. Ile "usi" imeingia masikioni mara elfu na elfu kabla hatujaiona kwenye karatasi. Kiziwi hajawahi kuisikia hata mara moja. Kwenye lugha yake kukataa kunaonekana usoni, kichwa kinatikiswa pamoja na alama, huwezi kukosea. Kiswahili kinaficha jambo zito ndani ya silabi mbili, halafu kinalibandika mbele ya neno refu. Kwake Kiswahili cha kuandika ni lugha ya pili, na ameanza kujifunza kwa macho tu.

Mama zangu, mwili ulinisisimka pale pale. Nilikumbuka karatasi tunazotoa hospitali. "Usimpe mtoto maji kabla ya miezi sita." "Usipoona nafuu rudi." Mama kiziwi akija, tunafanya nini? Tunamwandikia, tunamkabidhi, tunajisifu kwamba tumemhudumia vizuri. Kumbe huenda nimemwandikia mama mzazi ampe kichanga maji. Nilisoma diploma ya uuguzi miaka mitatu na sikufundishwa alama hata moja. Nimefundishwa kufunga bandeji kwa namna ambazo sijawahi kuzitumia mpaka leo.

Matroni wa shule ni kiziwi naye, mama wa watoto wawili wanaosikia. Alipojua kwamba mimi ni nesi wa wodi ya wazazi, akanikalisha chini, akaniita mwalimu atafsiri, akanipa yangu. Uzazi wake wa kwanza, miaka ya nyuma, hospitali hakuitaja na mimi sikuuliza. Nesi amevaa barakoa. Yeye mdomo haoni, anaona macho tu, macho yamekasirika, shingo imetoka mishipa. Ananipigia kelele, anasema matroni, lakini kelele ya nini? Nisukume au nisisukume? Alisema uchungu aliuzoea, alichoogopa ni ule uso. Akahitimisha kwa kuniuliza, wewe ungeshindwa kushusha barakoa sekunde tano na kunionyesha kwa mkono?

Nikamjibu ningeweza. Sikumwambia kwamba na mimi nimeshawahi kupaza sauti kwa mgonjwa kiziwi, kana kwamba sikio bovu linahitaji kelele zaidi.

Na foleni zetu je? Tunaita majina kwa mdomo. Mama kiziwi anakaa tangu saa moja asubuhi, anaitwa, haitiki, kadi inarudishwa chini ya rundo, saa sita tunamwambia amechelewa. Siku hizi zamu yangu ikiwepo, karani anaweka alama kwenye kadi na mimi natoka nje mwenyewe kumgusa bega. Haigharimu hata shilingi.

Lakini kilichonifanya niandike posti hii si foleni. Ni likizo.

Tulikuwa tunakula mchana na walimu, nikauliza swali la kawaida tu, watoto wanafurahi vipi shule ikifungwa. Walimu wakatazamana. Mmoja akasema, hapa tunaona kinyume. Mtoto mpya akiletwa Januari analia siku mbili tatu. Mwezi wa kumi na mbili, wazazi wakija kuwachukua, wapo wanaojificha. Yupo anayeshika nguzo ya bweni. Yupo anayepanda gari akilia na akirudi anashuka kabla halijasimama vizuri.

Mimi kwa kazi yangu nikawaza mabaya, nikauliza kama wanapigwa nyumbani. Hapana, akasema, wengine wanapendwa kupita kiasi. Wananunuliwa viatu, wanachinjiwa kuku, soda. Ila hakuna wa kuongea naye. Wiki nne, tano, hakuna hata mtu mmoja.

Akamwita mvulana mmoja mchangamfu atuonyeshe chakula cha jioni kwao. Mtoto akaigiza yule msanii! Baba anasema kitu, mama anacheka, dada anacheka mpaka anamwaga chai. Yeye anamgusa dada, nini? Dada anafanya mkono hivi: baadaye. Wanacheka tena. Anamgusa mama, nini? Baadaye. Halafu akatuonyesha alama zote ambazo mama yake anazijua: kula, lala, njoo, maji, acha. Ziko tano, na zote ni za kumtuma au kumkataza. Tulicheka mwanzo. Alipofika kwenye zile alama tano binti yetu wa uuguzi akatoka nje.

Kuna mwingine aliletwa shuleni akiwa na miaka tisa. Nyumbani hakufungiwa wala hakuteswa, alikuwa anachunga mbuzi vizuri tu. Lakini alikuja hana lugha yoyote. Hakuwa na jina la mama yake, hakujua kwamba vitu vina majina. Mwaka wa pili alipopata alama za kutosha, swali lake la kwanza refu kwa mwalimu lilikuwa babu yangu yuko wapi. Babu alikufa mtoto akiwa nyumbani. Alikuwepo msibani, aliona watu wamejaa, aliona sanduku, alirusha udongo kama wengine. Hakuna aliyemweleza, kwa sababu hakuna aliyekuwa na njia ya kumweleza. Alisubiri karibu miaka mitatu kuuliza.

Hapa ndipo ninapoingia mimi.

Miaka sita iliyopita kliniki ya watoto alikuja mama na mvulana wa miaka miwili na nusu. Uzito mzuri, chanjo zote, mtoto mtundu anavuta kila kitu mezani. Mama akasema, sista, huyu haongei. Nikamuuliza anasikia? Akasema anasikia, mlango ukibamizwa anageuka. Nikamwambia, mama, wavulana huchelewa, mjomba wangu aliongea na miaka minne, wewe subiri. Nikapiga muhuri kadi. Foleni ilikuwa ndefu na mimi nilikuwa mwema sana, nilitabasamu kabisa.

Nikueleze makosa yangu ili wewe usiyarudie. Mlango ukibamizwa, sakafu inatikisika na hewa inasukumwa. Kiziwi anageuka vilevile. Sufuria ukiligonga nyuma yake anaweza akaona kivuli chako, au macho ya dada yake yamegeuka, naye akageuka. Kitoto kiziwi kinabwabwaja pia kikiwa kidogo, "aaa, guu", halafu kinazidi kunyamaza badala ya kuzidi kuongea. Kwa hiyo mjaribu kwa sauti ndogo, akiwa na shughuli zake, ukiwa nyuma yake, bila kukanyaga kwa kishindo. Mtoto wa miezi sita ageuze kichwa kutafuta sauti yako. Wa karibu mwaka mmoja ageuke akiitwa jina. Mwaka mmoja na nusu awe na maneno machache. Miaka miwili aunganishe mawili, "mama maji", "baba njoo". Asipofika hapo usikubali kuambiwa subiri na mtu yeyote, hata awe amevaa sare kama yangu. Dai rufaa uende kwenye kitengo cha masikio, pua na koo kipimo cha usikivu kifanyike.

Na wanaotakiwa kupimwa hata kama unaona wanasikia ni hawa: njiti, aliyechelewa kulia alipozaliwa, aliyepata umanjano mkali, aliyeugua homa ya uti wa mgongo, aliyechomwa sindano za gentamicin muda mrefu, na ambaye mama alipata rubella akiwa mjamzito. Ndiyo maana tunawasumbua na chanjo ya surua na rubella miezi 9 na tena miezi 18. Ipo kwenye ratiba yetu tangu 2014, na ile ya pili wengi mnaikimbia. Wapo pia wanaozaliwa hivyo kwa kurithi. Kulogwa hakumo kwenye orodha, na kukatwa chini ya ulimi hakufungui sikio.

Sasa maoni yangu, na najua wengine hamtayapenda. Mtoto akishajulikana ni kiziwi, anza alama wiki hiyohiyo. Usisubiri mashine ya kusikia, usisubiri upasuaji, usisubiri afikishe umri wa shule. Mashine ni nzuri, mpe ikiwezekana. Muhimbili wanapandikiza vile vifaa vya ndani ya sikio tangu 2017, na wapo watoto vimewasaidia. Lakini kifaa kinahitaji hela, betri, na mazoezi ya miaka. Si kila sikio linafaa. Katika muda wote huo ubongo wa mtoto unataka lugha leo, kama tumbo linavyotaka uji leo.

Nimeambiwa na wazazi, na niseme ukweli hata na wahudumu wenzangu, kwamba akijua alama atakuwa mvivu wa kuongea. Wazo hilo ni la zamani. Mwaka 1880 walimu wa viziwi, karibu wote wanaosikia, walikutana mjini Milan, Italia, wakapitisha kwamba shule zifundishe kwa mdomo na alama ziachwe. Watoto wa nchi nyingi wakakua wamekalia mikono yao, wakipigwa vidole wakionyesha alama. Viziwi wanaitaja Milan mpaka leo kama sisi tunavyotaja mwaka wa njaa. Ni 1960 tu ndipo Mmarekani mmoja, William Stokoe, alipochapisha utafiti ulioonyesha kwamba lugha ya alama ni lugha kamili. Mwaka 1991 Laura Petitto na Paula Marentette wakaonyesha kwamba watoto wachanga viziwi wa wazazi viziwi wanabwabwaja kwa vidole, katika umri uleule ambao wangu na wako wanasema "ba-ba-ba". Mimi nikisoma hilo nasema ubongo hauna ubaguzi, unapokea lugha kwa njia iliyo wazi. Na mtoto aliyepata lugha mapema, yoyote, ndiye anayejifunza ya pili kwa urahisi, iwe kusoma Kiswahili au kutamka. Asiye na lugha yoyote akiwa na miaka tisa hana kitu cha kujengea juu yake.

Kwa hiyo mzazi anaanzia wapi? Nenda shule ya viziwi iliyo karibu hata kama mtoto bado ana mwaka mmoja, ukaombe kukaa na matroni kama yule wetu. Mtafute kiziwi mtu mzima mtaani kwako, fundi au msusi, umwombe awe anakuja nyumbani. Yeye ndiye mwalimu hasa, na mtoto anahitaji kuona kwamba viziwi wanakua wakubwa. Tulipokuwa pale mtoto mmoja wa darasa la kwanza alimuuliza matroni kama yeye mwenyewe akikua ataanza kusikia. Alidhani wakubwa wote wanasikia, kwa sababu matroni ndiye kiziwi mkubwa wa kwanza kumwona.

Na ajifunze kila mtu, si mama peke yake. Baba anayesema "mimi mikono mizito" mbona anafunga nyavu, mbona anachanganya karata? Alama tatu kwa siku, ukiwa unapika, unaogesha. Usikomee kwenye kula na lala. Jifunze "kwa nini". Jifunze "kesho", "babu", "amekufa", "tunacheka kwa sababu". Mezani mtu mmoja awe zamu ya kumweleza yanayosemwa, na neno "baadaye" lipigwe marufuku.

Nilivyorudi kazini nilifungua rejesta za kliniki za mwaka ule, jioni mbili, mpaka nikalipata jina la yule mvulana. Namba ya simu ya mama ipo. Nikapiga, akapokea mwanaume, akasema namba hii ameinunua, hamjui. Mtaa ulioandikwa nilikwenda Jumamosi. Balozi akasema familia ilihama, wengine wanasema Kibaha, wengine wanasema walirudi kijijini kwao.

Mtoto sasa anakaribia miaka tisa. Mama, ulikuja ukiwa na mdogo wako mjamzito, kadi ya mtoto ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni wa bluu, na mwanao alining'ang'ania kalamu yangu mpaka nikamwachia aondoke nayo. Kama unasoma hapa, au kuna mtu anayekufahamu, naomba unitafute. Kliniki ni ileile, nipo Jumatatu mpaka Alhamisi asubuhi, na huna haja ya kupanga foleni.